Skonzi za Mapenzi na Tumbo Lililofunga

Chumba cha mwisho, mkono wa kulia,
Nyumba ya Mwenye Duka la Rangi,
Nyuma ya Soko la Mbao.

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, tena ile ya kupiga magoti, ingawa kwa tumbo hili nikipiga magoti itabidi watafutwe watu wa kuniinua. Hujambo? Mgongo unaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye ngazi? Mzee wako wa miwani bado anabishana na redio mpaka chai inapoa? Na binti yako, bibi harusi wetu mtarajiwa, ameshaanza kucheka peke yake kama nilivyokuwa nikicheka mimi? Mimi ni mzima leo. Nimeandika "leo" kwa makusudi, utaona kwa nini.

Kwanza nikupe ya mume wangu, maana nisipomtaja nitapasuka. Shangazi, bado nampenda mpaka naona haya. Asubuhi nikisikia viatu vyake uani akirudi kutoka zamu ya usiku kiwanda cha mikate, moyo unaruka kama vile sijawahi kumwona. Anaingia ananukia mkate wa moto, unga umemjaa kwenye nyusi, ananibusu paji la uso, analibusu tumbo, kisha anatoa mfukoni skonzi aliyoiumba kwa mkono wake kwa umbo la moyo. Kila siku ya Mungu! Wenzake kiwandani wamempa jina, wanamwita Bwana Kopa. Anajifanya kuchukia, lakini akiitwa anageuka upesi.

Sasa weka chai yako pembeni. Kama unakula, maliza kwanza, kwa sababu habari yenyewe ni ya choo na siwezi kuipamba. Ningekupigia simu, lakini kuta za hapa ni nyembamba, ukiuliza swali chumba hiki, jirani ndiye anayejibu.

Tangu mimba iingie mwezi wa saba, tumbo langu lilifunga. Sisemi lilisumbua, lilifunga kama duka la mtu aliyehama mji. Wiki ilikuwa inapita hakuna kitu. Tumbo la mtoto lilikuwa juu, gumu na zuri, na chini yake kulikuwa na tumbo jingine, zito, la aibu, kama gunia lililoshonwa mdomo. Nikicheua, kinachopanda ni harufu ya yai viza. Nilikuwa naziba mdomo kwa kanga ili mume wangu asiisikie, kisha naisikia mwenyewe ndani ya kanga, na kichefuchefu kinaanza upya.

Na siku ambazo kitu kilitoka, afadhali kisingetoka. Vilikuwa vipande vyeusi, vikavu, kama mavi ya mbuzi yaliyochovywa kwenye lami. Nilivitazama nikajiuliza, hivi vimetoka kwangu mimi, msichana niliyeingia ukumbini na gauni jeupe watu wakafuta machozi?

Choo chenyewe ni cha wapangaji wote. Sakafu haikauki. Kwenye tundu la kutolea maji kuna nywele za mtu zimeganda na sabuni, kuna ndala moja isiyo na mwenyewe, na kuna nzi wa kijani ambao nadhani sasa wananijua kwa sura. Humo ndimo nilimokuwa nashinda, nimechuchumaa na tumbo la miezi minane, miguu inatetemeka, jasho linanitoka, nje foleni inanung'unika. Jirani yetu msusi, tunayemwita Mama Pacha, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"We mama kijacho! Umepanga chumba humo? Sema tukuletee na godoro!"

Watu wanacheka, nami nalia kimyakimya na nzi ananitua mdomoni. Nikaona dawa ya kuepuka choo kile ni kutokunywa maji. Nikawa nalowesha midomo tu. Ujinga ulioje, lakini wakati ule niliona ni akili.

Mume wangu sikumwambia. Unajua kwa nini, Shangazi. Siku ile ya kunipamba ulifunga mlango, ukanishika kidevu, ukasema, "Mwanangu, mume ajue harufu ya manukato yako tu. Ya chooni yabaki chooni. Siku akikuonea kinyaa, mapenzi yanaanza kuchacha." Nililishika neno lako kama nilivyoishika pete. Akiuliza mbona sili, nilikuwa namwambia nimeshiba mapenzi yake. Anafurahi huyo, macho yanang'aa! Masikini, hakujua nimeshiba nini. Jambo nililokuwa naliogopa kuliko uchungu wa kuzaa ni yeye kukunja pua mbele yangu. Ananiita malkia, na malkia gani ananuka hivi?

Tena kuna jambo jingine nilikuwa namficha, lakini hilo niliona ni tamu. Unakumbuka kliniki walisema damu yangu ni kidogo, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nikavitapika mbele yake na kuapa kwamba sivigusi tena? Hakunigombeza. Aliniangalia tu kwa macho ya huzuni, hata chakula kikamshinda. Nikamhurumia. Basi nikaanza tena kuvimeza kwa siri kila asubuhi, yeye akiwa ameshalala, nimebana pua, ili siku ya kupimwa nimshangaze kwa damu nzuri nyekundu. Mapenzi, Shangazi, mapenzi!

Alhamisi moja, wiki mbili zilizopita, Mama Pacha alinikuta nimeegemea ukuta wa choo sijiwezi. Hakunicheka. Aliniingiza kwake akatoa chupa ya mafuta ya nyonyo, akamimina kikombe. Akaniambia nizibe pua niyameze yote, kwamba yeye yalimfungua mpaka akasahau alikuwa na shida. Nikachukua kikombe. Nilikuwa tayari kunywa hata maji ya betri. Lakini mafuta yale yalikuwa mazito kama makamasi, yananuka taa ya zamani, na pembeni ya kikombe kulikuwa na unywele wa mteja. Yalipogusa tu ulimi, nilitapika yote, yakamwagika kwenye zulia lake la kusukia. Nikaomba radhi, nikatoka nikikimbilia palepale nilipopachukia.

Ni mchana ule ndipo balaa lilipotokea. Nilisukuma kwa hasira, kwa kukata tamaa, kama mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye matope. Kitu kikachanika. Maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Nikaangalia chini, nikaona damu, damu yenyewe, inatiririka kwenye ile sakafu chafu, na tumbo likakaza juu likawa jiwe. Nikajua ndiyo hivyo, mtoto wangu anakuja kabla ya wakati, na anakuja kuzaliwa kati ya ndala ya mtu na nzi wa kijani. Nikapiga yowe la jina la mume wangu.

Alikuwa usingizini. Alikuja kwa soksi, Shangazi. Kwa soksi, kwenye maji yale! Alisukuma mlango mpaka komeo likang'oka, akanikuta kama nilivyokuwa, kanga kiunoni, damu mapajani, na yale mambo meusi yakiwa hadharani. Kila kitu nilichokificha kilikuwa pale miguuni kwake. Alinibeba hivyohivyo, akaita taksi ya jirani yetu dereva, ambaye alitandika magazeti kwenye kiti kwanza ndipo akaturuhusu kupanda. Simlaumu. Hata mimi ningetandika.

Kliniki alitupokea mkunga mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alinilaza, akaweka chombo chake tumboni, akasikiliza. Mume wangu alikuwa amenishika mguu, soksi zinatoa maji. Kisha mkunga akatuwekea na sisi tusikie. Moyo wa mtoto ulikuwa unakimbia vizuri kabisa, kama mtu anayepiga makofi mbali. Njia ya uzazi ilikuwa imefungwa. Damu ilikuwa ya bawasiri iliyopasuka. Nililia mpaka makamasi yakanijaa.

"Tumbo hili limejaa choo kama ghala," mkunga akasema. "Unatumia dawa gani, mama?"

"Vidonge vya damu," nikajibu polepole.

Mume wangu akageuka. "Vipi? Si uliapa huvigusi?"

"Nilitaka kukushangaza."

Akajikuna sikio, unga ukadondoka. "Mpenzi," akasema, "na mimi nimekuwa nakupa."

"Unanipa wapi?"

"Kwenye skonzi."

Mkunga akainua kichwa. "Skonzi gani?"

"Za moyo," akasema mume wangu, akiangalia soksi zake. "Navisaga, natia na mdalasini mwingi ili asijue. Nilikuwa navinunua duka la dawa. Niliogopa atakufa kwa kukosa damu."

Shangazi, nikakumbuka ladha ile! Nilikuwa nasikia kama nalamba msumari, nikadhani ni mimba inayonichezea ulimi. Nikakumbuka zilivyokuwa na weusi katikati, naye ananiambia ni unga wa kisasa. Nilijisikia kutapika upya, skonzi zote, tangu ya kwanza.

Mkunga alikaa kwenye stuli akacheka mpaka akavua miwani. "Yaani mke anameza chuma, mume anamwoka chuma! Nyinyi hamhitaji mkunga, mnahitaji fundi wa kuchomelea!" Kisha kicheko kikakatika ghafla kama kilivyoanza. Alimwambia mume wangu kwamba dawa haitiwi kwenye chakula cha mtu bila yeye kujua, hata kwa mapenzi, na kwamba vidonge vile vikizidi vinageuka sumu. Nami akaniambia kuficha kwangu ndiko kulikokaribia kutuponza. Nilipomtajia mafuta ya nyonyo alinikazia macho, akaniuliza mara mbili kama kweli niliyatapika. Alisema kama yangebaki ndani, tumbo langu lingeweza kuanza uchungu kabla mtoto hajakomaa. Fikiria hilo, Shangazi. Kinyaa changu, kile nilichokuwa nakichukia, ndicho kilichomlinda mwanangu, kwa sababu ya unywele mmoja kwenye kikombe.

Baada ya hapo likaja lenyewe. Mkunga alivaa glavu, akapaka mafuta, akamwambia mume wangu atoke. Akakataa. Nikamwambia mimi mwenyewe toka, nakuomba, nakusihi. Akasema hatoki. Sitakueleza yote, ila ujue choo kilitoka kwa kidole, kipande baada ya kipande, kikilia kwenye beseni la bati kama kokoto, na harufu iliyojaa kile chumba haikuwa ya mtu aliye hai. Mkunga mwenyewe alifungua dirisha. Mimi nilimtazama mume wangu tu, nikisubiri nione pua yake.

Alikunja pua, Shangazi. Alikunja uso mzima. Kisha akageukia sinki akatapika, kwa kelele, mkate wote wa asubuhi. Nikajua yameisha. Nikafumba macho. Nikasikia bomba la maji, nikasikia anasukutua, halafu nikasikia kiganja chake kimerudi kwenye changu, kikiwa kimelowa.

"Malkia wangu unanuka," akasema. "Unanuka vibaya sana. Sukuma tumalize, twende nyumbani."

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu hata kazi ya mkunga ikawa rahisi, na yeye ndiye aliyesema hivyo, si mimi.

Sasa nina dawa ya maji, tamu mpaka inakera, ya kulainisha choo. Nakunywa maji, nakula papai na mboga, naweka miguu kwenye kigoda, na kidonge cha damu ni kimoja tu, nakitia mwenyewe mdomoni mbele ya mume wangu. Yeye ameacha zile skonzi. Siku hizi ananiokea mkate wa pumba, sura yake kama tofali lililopigwa na mvua, na bado anaupa umbo la moyo. Juzi alishinda anasugua kile choo cha wapangaji kwa brashi na dawa, kitambaa puani, akiwatukana nzi mmoja mmoja, akazivuta zile nywele kwa koleo na kumwonyesha kila aliyepita. Mama Pacha alimwambia amwoe na yeye.

Jambo ambalo ningetamani lisingekuwepo ni moja. Asubuhi nikiwa chooni anasimama nje ya mlango, mbele ya foleni nzima, anauliza kwa sauti yake ya kiwandani, "Mpenzi, vipi, limetoka?" Nami sasa namjibu.

Shangazi yangu, sikukosei heshima. Yote uliyonifundisha nayafuata, udi nachoma, na manukato yako nayapaka. Lakini mwezi ujao utafunga mlango na binti yako, utamshika kidevu kama ulivyonishika mimi. Nakuomba kwa mapenzi yote, lile neno la chooni usimwambie. Mwambie siku mwili ukimchafukia amwite mumewe, hata kama atakuja kwa soksi. Mwambie mumewe anaweza kutapika, na asiogope. Amwangalie kama atarudi kumshika mkono.

Nisalimie Mzee wa miwani, umwambie redio haimsikii. Msalimie Bibi, umbusu yale mashavu yake. Mbusu binti yako, umwambie gauni langu alitumie, doa la keki lilitoka. Bwana Kopa anakuamkia, yuko hapa anapiga chafya za unga na kujaribu kusoma ninachoandika. Mungu akupe mgongo wa kumbeba mjukuu, na atukutanishe tukiwa wengi kuliko tulivyoachana.

Wako akupendaye hata akinuka,
Chiriku wako.