Mashine Yetu Iko Siku Gani, Papa?

Papa wangu mpendwa,

Leo nimefungua ofisi yetu ya kompyuta hapa mjini Baraka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye kiti chako. Nilikipangusa, nikakalia changu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Asende, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mboko. Alikuja kumwandikisha binti yake shule ya uuguzi, na siku ya mwisho ilikuwa leo. Nikafungua ukurasa wa shule, ukakataa. Nikajaribu mwingine, nao ukakataa.

"Sifa, liste inafungwa leo," akaniambia. "Mutoto atabakia tu mu nyumba mwaka muzima?"

Nilitaka kulaumu mtandao, kama kawaida yangu. Nikakusikia: "Usitukane réseau bure. Uliza kwanza kama ni bo ao ni siye." Nikajaribu kwa simu, kwa mtandao uleule. Ukurasa ukafunguka, ila kioo cha simu kilichopasuka hakikubali kuandika. Kumbe si wao, ni sisi: shida iko kwenye mashine yetu.

Hapo nikakumbuka ile betri ndogo ya ndani ya kompyuta, iliyokufa zamani. Mashine ikizimwa inasahau tarehe, na kurasa haziiamini mashine inayoishi mwaka mwingine. Kila asubuhi uliirekebisha kabla ya chai, na mimi nikikosea siku ulinicheka: "Soma kalandriye, usisome kichwa yako!" Basi nikatazama kalenda ukutani, nikaandika mwezi niliouona. Ukurasa ukakataa tena. Nilikasirika, Papa. Nusura nimrudishe mama wa watu.

Ndipo nikaitazama kalenda vizuri. Ilikuwa bado kwenye mwezi ule wewe ulipotuacha. Hakuna aliyethubutu kuigusa, maana ni mimi niliyekataza.

Nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikageuza karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaandika tarehe ya leo. Ukurasa ukafunguka bila maneno. Mtoto akaandikishwa, na Mama Asende akapiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuchungulia. Ameniachia fungu la ndagala. "Hizi ni za papa yako," akasema, "we utamukulia."

Nimekukulia, na zilikuwa tamu.

Mwezi wako sikuuchana, uko palepale nyuma ya mingine. Kesho nitafungua tena, na tarehe nitairekebisha kabla ya chai. Pumzika, Papa. Huku kwetu sasa ni leo.

Binti yako,
Sifa