Mkono wa Baba

Mama, shikamoo. Ng'ombe nimeshampa majani. Maziwa yafunike, yule paka hana adabu!

Yaani asubuhi Baba kafungua lile daftari la michoro tunalozungushiana na wenzangu. Mada ni "Mikono", mimi nikachora wa kwake umeshika mkanda. Kanipiga na hilo daftari usoni mpaka damu ikanitoka puani, halafu kalitupa kwenye moto! Nimelichomoa kwa vidole, Mama, vimeungua.

~~Usimwambie niko wapi.~~ Mwambie niko Njoro kwa Disha, ni zamu yake kuchora. Simu iko hewani. Na mwambie ukurasa wangu umeungua pembeni, ila mkono wake umebaki mzima. Disha anaendeleza pale nilipoishia.

Kitinda mimba wako,
Loveness