Chumba Kizuri Mno kwa Mtoto

Ambositra,
Madagaska.
9 Agosti.

Mpendwa Mama Mdogo Voahirana,

Leo nimeahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Mama angependa ninyamazie.

Kwanza nakusalimu. Hujambo huko Reunion? Mgongo umepoa? Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu inatulaza na soksi. Mama ni mzima. Mkunga anasema zimebaki wiki tano.

Shuka ya viraka uliyotushonea ilifika. Niliitundika ukutani katika chumba cha mtoto, na rangi za chumba kizima nikazichagua kutoka humo. Baba alichonga kitanda, ubavuni akatia nakshi za masega ya nyuki. Pazia ni kitambaa cha Kihindi. Mkeka wa rafia nimeusuka mwenyewe likizo nzima, pamoja na ndege sita wa kuning'inia juu ya kitanda. Mwalimu wa ufundi alinionya nisizidishe rangi tatu, nami nikamtii.

Jumatano nilimwita Bibi mzaa baba aje kuona. Alisimama mlangoni. Nilitegemea sifa.

"Mialy, hiki ni chumba cha kuita kijicho," akasema. "Mtoto mchanga huitwa mbaya, huitwa mavi ya mbwa, apite salama. Wewe umemtandikia kama mfalme."

(Samahani, ndivyo alivyosema.)

Baba akamuuliza, "Sasa Mama, tumlaze kwenye gunia la viazi?"

"Gunia lingefaa," Bibi akajibu, wala hakucheka.

Mama alisikia. Tangu siku hiyo akawa hapiti karibu na mlango ule, na jana aliniomba, kwa upole sana, nifungashe kila kitu sandukuni.

Sikumkasirikia. Najua anamkumbuka mdogo wangu Toky, aliyeishi siku kumi na moja tu. Nilishusha pazia, nikakunja mkeka. Ndege sikuwagusa, mikono ilikataa.

Leo asubuhi nimemkuta Mama chumbani peke yake, ameshika ndege mmoja. Amesema, "Huyu mdomo umempinda. Ni mbaya kweli." Kisha amemning'iniza tena, akaniambia nirudishe mkeka. Pazia hakulitaja, nami sikuuliza.

Baba anakusalimu, na Bibi pia. Nisalimie Baba Mdogo Rivo na mdogo wangu Tsiry. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mialy.

N.B. Toky alipozaliwa nilikuwa na miaka sita. Kila mgeni aliyeingia nilimwambia kwamba ndugu yangu ni mzuri kuliko watoto wote wa mjini. Bibi alinifinya ninyamaze, nikaendelea. Wewe ulikuwapo, Mama Mdogo, na Mama siwezi kumuuliza. Tafadhali nijibu upesi, bahasha uiandike jina langu peke yake: je, ni maneno yangu yaliyomwondoa?