Usimuulize Daktari Mbele ya Mama

Nyeri,
Jumatatu jioni.

Kwa kaka yangu mpendwa Mwai,

Pokea salamu zangu wewe, wifi Wendy na watoto. Natumai yale mafua yamewaachilia, na kwamba mpunga wa Wang'uru umekauka kabla mvua hii haijaufikia. Huku kwetu baridi ni ya kuingia mifupani. Mlima hatujauona tangu wiki iliyopita, nami nashinda maabarani na sweta mbili chini ya koti jeupe. Kwa upande wa mwili sijambo.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Sababu ni kwamba wewe simu huiweka spika hata ukiwa katikati ya wateja, na hili nisingependa lisikiwe na wapima mchele wa mji mzima. Tena nikikupigia nitalia, nawe utaanza kunifariji kabla sijamaliza kusema. Nimempa Mutanu, mwenzangu wa kazini anayepitia huko kwenda kwao, akukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako stoo, mlango umeufunga.

Nianze na mdogo wetu Mutahi. Nilikuwa Othaya, nyumbani kwa Mama, Jumamosi. Amekonda sana. Fundi aliyekuwa akiinua mota ya mashine ya kahawa bila kusaidiwa sasa anashika kikombe kwa mikono miwili. Utani bado anao. Aliniambia ati suruali zake siku hizi zinavaliwa na mtu mwingine. Mama alicheka, nami nikacheka, kisha nikatoka nje kujifanya natafuta mtandao. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba, wakatuambia tusikate tamaa. Niliitikia amina kwa sauti. Lakini Mwai, mimi tamaa nimeshakata, na ningekuwa nakudanganya kama ningeandika vinginevyo.

Uliniuliza kwa nini dawa iliyomsimamisha vizuri ile miezi ya kwanza imeshindwa, ukasema Alhamisi utafika kliniki umuulize Daktari Apondi mbele ya watu wote kama wanatupa vidonge bandia. Vidonge si bandia. Ngoja nikueleze, na unisamehe nikisikika kama mwalimu.

Katika damu ya Mutahi kuna kimeng'enya kimoja kinachoziambia seli zizaliane. Kwa mtu asiye na saratani hii ya damu, ishara hiyo huwaka inapohitajika na kuzimika kazi ikiisha. Yake ilikwama ikiwa imewaka, kama swichi iliyoharibika. Kidonge chake huenda kukaa ndani ya kimeng'enya hicho, pale pale kinapofanyia kazi, kikakizima. Sasa, ini nalo lina vimeng'enya vyake vya kuvunjavunja vitu vigeni tunavyomeza, dawa zikiwemo. Kitu kikivichochea, huchapa kazi kupita kiasi, na dawa huvunjwa kabla haijafika inakohitajika. Mgonjwa anameza kila siku, lakini damuni dawa haitoshi.

Kazi yetu ya mwaka huu ni hiyo hasa, kupima miti shamba ya pande hizi tuone ni ipi inayochochea vimeng'enya vya ini na ni ipi inayovizuia. Mkuu wetu, Daktari Mutuku, alituagiza kila mmoja alete kile ambacho watu wa kwao wanakitumia kweli. Mimi nikaingia jikoni kwa Mama, nikavunja kipande cha lile gome jekundu analochemshia supu ya mifupa. Nililichukua kwa uvivu tu, kwa kuwa lilikuwa karibu. Jina lake sitaliandika hapa.

Tulilisaga, tukalitia kwenye seli za ini tunazokuza maabarani, kisha tukaongeza dawa ya aina ile ile anayomeza Mutahi. Katika sampuli zote, gome la Mama lilichochea kuliko mengine. Asubuhi tulikuta dawa karibu imekwisha. Daktari Mutuku alifurahi, akanipongeza, akatununulia mandazi mimi na wenzangu wote. Nilikula andazi langu. Sikumwambia gome limetoka sufuria ya nani.

Niliomba niwe nimekosea, maana seli za kwenye kisahani si mtu. Nikamweleza Daktari Apondi, akapima kiasi cha dawa katika damu ya Mutahi, akakikuta chini mno. Ndipo nikakumbuka alipolazwa kwa nimonia. Alikuwa akila chakula cha wodi tu, na damu yake ikatengemaa, hata tukatoa shukrani kanisani. Aliporudi nyumbani kwenye supu, ikaanza kuharibika tena.

Daktari hana kosa. Kila walipokwenda kliniki aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine, hata za kienyeji, na Mama akajibu hapana. Hakudanganya. Kwetu supu si dawa, ni chakula. Aliyejifungua hupewa, aliyevunjika mguu hupewa, sasa nani angeitaja kliniki? Hata mimi, ninayelipwa kuchunguza jambo hili hili, niliketi jikoni mle nikanywa bakuli langu na kuomba la pili.

Na gome hilo, Mwai, ndilo lile unalomletea kutoka sokoni Kagio. Sitakuambia huhusiki, kwa kuwa utajua nadanganya. Wewe ulilinunua, Mama akalichemsha, mimi nikalisifu. Sisi sote watatu tulidhani tunamtunza, na imeniuma mpaka sijui niukasirikie uso wa nani.

Utasema basi supu ikomeshwe, dawa ifanye kazi. Nami nilikimbilia hapo hapo. Tumechelewa. Katika miezi hiyo yote ambayo dawa ilikuwa kidogo damuni, ugonjwa ulipata nafasi. Kile kimeng'enya kimebadilika umbo, na kidonge hakina tena pa kukaa. Alibadilishiwa dawa, na hiyo ya pili nayo haikushika. Sasa ugonjwa unakwenda mbio. Daktari Apondi aliniambia kwa upole kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Ile safari ya matibabu ya India usiendelee kuipanga.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Mutahi anajua. Nilimwambia mwenyewe hiyo Jumamosi, tulipokuwa tumekaa wawili tu kwenye shamba la kahawa nyuma ya nyumba. Nilitarajia anikasirikie. Aliuliza kama Mama amesikia. Nikamjibu hapana. Akaniapisha kwamba Mama asilijue kamwe, hata yeye akishazikwa. Alisema yeye ana siku chache tu za kulibeba, lakini Mama angelibeba miaka. Mara Mama akaita kwamba supu iko tayari. Mutahi akanishika bega akainuka, akaenda akainywa yote, na akamwambia Mama kwamba ya leo imekolea.

Kwa hivyo nakuomba, kaka, usimuulize daktari chochote Alhamisi mbele ya Mama. Ukimuuliza atakujibu, na hatakuficha, maana hana tabia hiyo. Msalimie tu, umbebee Mama mkoba wake, ukae. Ukizidiwa, toka nje ukalie kwenye pikapu yako.

Kuna lingine, na hili ndilo limeninyima usingizi kuliko yote. Usiache kununua lile gome. Haliwezi tena kumharibia Mutahi kitu chochote. Siku utakayofika nyumbani bila hilo, Mama atakuuliza kwa nini, na wewe hujui kudanganya. Mletee kama ulivyozoea kumletea, na mpatie kwa furaha ile ile.

Nisalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda. Mungu akuongoze njiani, na akupe uso wa kawaida hapo Alhamisi. Mimi wangu nimeshaanza kuufanyia mazoezi.

Dada yako akupendaye,
Watiri.