Baba Ameanza Kunywa Bahari

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, ila kwanza niache nifurahi kidogo, maana baba yangu anatembea, yaani anatembea kweli. Mimi ni msusi, baba ni fundi cherehani mstaafu, alikanyaga pedali mpaka magoti yakagoma, na tangu mama afariki akawa hatoki, ni kitandani na kiti cha dirishani, kiti cha dirishani na kitandani, hata ndevu alikataa kunyolewa, basi mteja mmoja nikiwa namsuka akaniambia maji ya bahari yanasaidia viungo, nikaanza kumburuta baba ufukweni kila asubuhi kabla sijafungua saluni, mwanzoni alinuna njia nzima, lakini mshauri, mzee akaanza kunyooka, siku hizi ndiye anayenigongea mlango, "We mama, bado umelala? Maji yanakupwa haya," na tukirudi namkanda magoti kwa mwani nilioponda, naye anaimba, na wateja wamesikia, sasa wananiuliza mwani wa kupaka usoni kuliko wanavyouliza nywele. Kaka yangu fundi bomba naye hakubaki nyuma, amejenga birika la saruji uani, tulijaze maji ya bahari, mzee asipate tena tabu ya kwenda.

Kinachoninyima raha ni hiki. Juzi ufukweni nimemkuta ameyachota maji ya bahari kwa kikombe, anakunywa, anasema kama yametibu nje yatatibu na ndani, na vidonge vyake vya presha ameacha kabisa, eti, "Mwanangu, siwezi kuwa na waganga wawili." Kaka anasema nisimvurugie mzee furaha yake. Mimi naogopa, lakini nikimkataza nahofia atarudi kwenye kile kiti na safari hii hatainuka. Nifanyeje?

Msusi, binti wa fundi

Msusi, mwanangu, hongera. Barua yako nimeimalizia nimesimama, nilivyofurahi. Haya, sasa kaa nikuseme.

Mzee wa presha anakunywa chumvi na vidonge ameacha, nawe ukaona dawa ni kuchukua kalamu? Maji ya bahari hayanywewi, hata kijiko, na kuacha dawa za presha ghafla kunaweza kumwangusha mara moja. Funga saluni leo. Wewe na kaka yako mpelekeni baba zahanati apimwe, na daktari aambiwe yote, kikombe na vidonge, bila kumfichia mzee aibu. Muulizeni pia kama kuingia majini kunamfaa, na kwa kina gani. Na huyo kaka mwambie nimemsikia, furaha gani hiyo ya kumtazama mzazi akijimaliza?

Sasa hofu yako. Wewe unaona kilichomwinua baba ni chumvi. Sikatai, maji yanabeba uzito na magoti yanapumua, na mwani endelea nao mradi ngozi haimwashi. Lakini isome tena barua yako mwenyewe. Mtu aliyekuwa hana pa kwenda sasa ana mlango wa kugonga, ana njia ya kununia, ana binti wa kubishana naye kabla wateja hawajamchukua. Hayo yote hayamo kwenye kikombe. Ukimpokonya kikombe harudi kwenye kiti. Mkimletea bahari uani ndipo atakaporudi, maana atatoka kwa lipi tena, na aende wapi?

Kwa hiyo bahari usimkataze, mkataze kikombe. Mwambie waziwazi, "Baba, usipomeza vidonge, sikupeleki," uone atakavyofungua kopo la vidonge mwenyewe. Lile birika kaka yako alijaze udongo apande nyanya.

Daktari akisharuhusu, asubuhi mzee akikugongea mlango, toka na kidonge na glasi ya maji ya bomba. Akishameza, mshike mkono mwende.