Ukungu Upande wa Kushoto

Newala, 14 Agosti

Kaka, Baba Ethel,

Shikamoo. Huku ni baridi tu, mikorosho imeanza maua, na sisi wazima.

Umeuliza ununue lenzi gani. Ya kuvuta sitaki, hiyo ni ya watu wanaopenda kukaa mbali. Nunua ya milimita hamsini. Kanisani mna giza, nayo inapokea mwanga vizuri. Ile uliyotuachia miaka minne iliyopita imeota ukungu ndani, maana mfuko wako wa ngozi unatunza unyevu. Siku hizi kamera inalala kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Nilichelewa tu.

Sasa kila picha inatoka na wingu upande wa kushoto, kwa hiyo pale simsimamishi mtu. Hata siku ya kipaimara cha Ethel nilipaacha. Mwanao ameibandika picha hiyo ukutani, na wenzake wakija anawaonyesha lile wingu: "Huyu ni baba, alitikisika."

Lenzi ukituma nitapokea. Ila ujue, hiyo itaonyesha kwamba pale hapana mtu.

Mdogo wako,
Yuster