Baba Aitafuta Rivasi

Nyumbani, chumba cha juu ya karakana
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Habari za huko, na wifi mgongo wake unaendeleaje? Sisi ni wazima. Mama kikohozi kimemwacha. Mimi bado nashona viti vya magari ya watu, na vidole vyangu bado vinashonwa pamoja navyo. Baba ametoka hospitali. Goti limepona vizuri, ila daktari amemkataza kukanyaga kitu kigumu kwa mguu wa kushoto.

Sasa nikupe mpya. Lile gari la spoti ambalo baba na Kaka Spana walilijenga wenyewe, Spana aliling'oa giaboksi la kawaida baba akiwa bado amelazwa, akaweka la gia za mfuatano. Hili huchagui gia. Ukivuta mkono wa gia, inapanda moja. Ukisukuma, inashuka moja, kama ngazi. Kuruka hakuna. Klachi unaigusa wakati wa kuondoka na kusimama tu.

Baba kuona ule mkono umesimama kama mwiko kwenye sufuria, akaja juu. Akasema amefundisha watu udereva maisha yake yote, na asiyeweza kutafuta gia mwenyewe ni abiria aliyekosea kiti. Spana unamjua, maneno anayapima kwa kijiko. Wakanuniana, kaka, hadi mezani baba anamwambia mama, "Mwambie mwanao asogeze chumvi," na mwanawe yuko hapo hapo, kiwiko kwa kiwiko.

Alhamisi Spana alipotoka, baba akachukua funguo. Alitaka kuthibitisha kwamba lile dude halifai. Nikaingia naye, maana lingetokea jambo mama angeniuliza mimi.

Barabara kuu tulikwenda vizuri. Niliona tabasamu limemponyoka, akalirudisha haraka. Balaa lilikuwa kwenye taa. Nyekundu imewaka, tuko gia ya tano, na mkono wake kwa mazoea ukaenda kutafuta ya kwanza. Haipo. Ikabidi ateremke ngazi nzima, kila gia ikilia paa! kama mlango wa mtu aliyeudhika. Mama mmoja aliyekuwa akivuka alikaa chini kwa mshtuko. Tulipofika gia ya pili, taa ikawa kijani.

Kwa aibu akakata kona, akaingia kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha mikate. Tukakutana uso kwa uso na gari la mikate. Baba akatafuta rivasi. Akavuta, akasukuma, akapapasa hadi chini ya kiti, na kila akijaribu tunasogea mbele, mpaka bampa zikasalimiana.

Dereva wa mikate akashuka. Nani? Yule kijana ambaye baba alikuwa akimfelisha kila mtihani kwa kutojua kurudi nyuma. Akainama dirishani kwa adabu zake zote. "Shikamoo, mwalimu. Tulia tu. Angalia vioo, rudi taratibu."

Nilitafuna mkanda wa kiti nisicheke.

Baba akaomba simu yangu, akampigia Spana. "Rivasi iko wapi?"

"Kuna kipete chini ya kirungu cha gia, baba. Kiinue, kisha sukuma."

Baba hakukiinua. "Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Daktari aliniambia klachi ya zamani hutaiweza tena. Ningekuuliza, ungesema gari liuzwe."

Baba akautazama mguu wake wa kushoto. Nyuma ya gari la mikate watu wameanza kupiga honi. "Ningesema hivyo," akajibu, polepole. Akainua kipete, tukarudi nyuma hadi mwisho wa kichochoro, tukaacha rangi kidogo tu ukutani. Kijana wa mikate akapiga makofi.

Jioni baba mwenyewe alimsogezea Spana kiti. Mwezi ujao kuna mashindano ya kupanda mlima kwa magari, na baba ndiye dereva. Jana aliniomba nimkatie herufi L kubwa ya kitambaa chekundu, ile ya wanaojifunza. Amekwenda kuibandika mwenyewe nyuma ya gari, na ukimcheka anakuuliza wewe una leseni ya mwaka gani.

Msalimie sana wifi, wabusu wapwa wangu, na yule jirani yenu fundi saa umwambie mama hajamsahau. Mungu awafunike huko mliko, na safari zenu zote ziwe za heri.

Mimi mdogo wako akupendaye, hata barua usipojibu,
Kitinda